Kufuli la Tata Préfet

Jémima Ntambwe aliamka na hasira, akalala na hasira, na kati ya hapo akafundisha kompyuta. Majirani zake wa mtaa wa Kapata, mjini Kolwezi, waliomwona akipita asubuhi, mkoba begani na uso umekunjwa, walisema ndivyo alivyozaliwa, na kwamba hata mume amekosa kwa sababu ya uso huo. Waseme. Mtu aliyefundisha kuandika programu miaka mitatu katika chumba chenye kompyuta kumi na mbili, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuzigusa, angecheka nini?

Ndiyo, hakuna aliyeruhusiwa. Kompyuta hizo zililetwa chuoni kama msaada, zikapigwa picha, zikapangwa mezani, kisha zikafunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kama wanavyofunika televisheni sebuleni. Mkuu wa chuo, Tata Stanislas, ambaye kila mtu alimwita préfet, alizipenda kama mama wa nyumbani anavyopenda sahani za wageni: zipo kabatini, zinang'aa, na watoto wa nyumba wanakula kwenye plastiki. Mlangoni alibandika karatasi yenye amri tatu. Hapana kugusa bila ruhusa. Hapana kuingiza clé USB. Hapana kutia programu yoyote mu machine. Ruhusa yenyewe ilitoka kwake peke yake, na haikutoka.

Basi wanafunzi wake, waliokuja kila Jumamosi, waliandika programu zao kwenye madaftari, kwa kalamu, huku kompyuta zimelala mbele yao chini ya vitambaa. Jioni Jémima alibeba madaftari hayo nyumbani, akayasoma mstari kwa mstari, akaandika chini, kwa wino mwekundu, kile ambacho mashine ingejibu kama ingeulizwa. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa kompyuta. Hebu fikiri: umesoma Lubumbashi miaka mitatu, mama yako ameuza hadi pagne zake, vitenge vya ndoa yake, ili umalize, halafu unaishia kuwa kompyuta ya wino mwekundu. Ungekuwa wewe, ungenuna au usingenuna?

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Wawili kati yao ndio Jémima aliowaweka moyoni, ingawa mwalimu hatakiwi kuwa na vipenzi. Mmoja ni Dodo, kijana wa miaka ishirini na minne aliyechimba shaba na kobalti tangu ana kumi na minane, mpaka siku alipotoka shimoni na kusema limemtosha. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasuka kucha, na kalamu ilipotea ndani yake. Mwingine ni Shekina, binti wa mama anayeuza unga wa mahindi sokoni, msichana mwembamba aliyefikiri haraka kuliko wote na kuogopa kuliko wote.

Mwezi wa pili ikaja habari. Inspectrice wa elimu wa jimbo, Mama Lukusa, angefika mwishoni mwa mwaka wa masomo kulikagua darasa la Jumamosi. Akiona wanafunzi wanaandika programu kwa mikono yao na programu zinafanya kazi, darasa litatambuliwa rasmi na wote kumi na wawili watapewa brevet, yaani cheti. Asipoona, darasa litafutwa, na miaka yao mitatu itakuwa imekwenda na maji. Na Kolwezi bila karatasi wewe si kitu. Kwenye geti la kila kampuni hawakuulizi unajua nini, wanakuuliza karatasi yako iko wapi. Dodo alijua vizuri kuliko mtu yeyote mahali anaporudi asiye na karatasi.

Jémima akakaa akafikiri. Amri ya tatu ilikataza kutia programu kwenye mashine. Sawa. Lakini kila mashine ilikuwa tayari na kivinjari, kile cha kufungulia kurasa za mtandao. Akitengeneza ukurasa, na ndani ya ukurasa huo akaweka sanduku la kuandikia programu, hakuna kitakachotiwa kwenye mashine za préfet hata chembe. Kazi yote itafanyika kwenye kompyuta kuukuu ya Jémima mwenyewe, itakayokaa pembeni kama seva, imeunganishwa na zile nyingine kwa waya. Amri itakuwa imeheshimiwa neno kwa neno.

Alianza na sanduku la kawaida, kama lile la kuandikia ujumbe. Likamtia aibu siku hiyo hiyo. Lugha aliyowafundisha inataka mistari mingine isogezwe ndani, na kitufe cha kusogeza, kikibonyezwa kwenye sanduku la kawaida, hakisogezi kitu. Kinakurusha nje ya sanduku kabisa, unajikuta unaandika hewani. Akajua anahitaji éditeur halisi, yenye namba za mistari, rangi za maneno, na alama nyekundu chini ya kosa. Zipo zilizotengenezwa tayari na watu wengine, za bure, za kupachikwa ndani ya ukurasa wako. Maelezo yake yanasema ni jambo la dakika tano. Walioyaandika hawajawahi kufika Kolwezi.

Mara ya kwanza éditeur ilikataa kufunguka kwa sababu faili zake zilikuwa zinaitwa kutoka mbali, kwenye mtandao, na mtandao wa chuo ulikuwa jina tu. Jémima alienda mjini kwenye duka la intaneti siku tatu mfululizo, akashusha faili zote moja moja, akazileta kwenye seva yake kwenye clé, akabadilisha kila njia iliyoelekeza nje ielekeze ndani. Umeme ulikatika mara mbili akiwa katikati ya kazi hiyo. Baba yake, Tata Mukalay, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye umeme wa bwawa la Nzilo, alikaa barazani akimsikia binti yake anatukana giza, akasema yeye amestaafu, asilaumiwe.

Mara ya pili faili zilikuwepo zote, hakuna kosa lililoonyeshwa popote, na ukurasa ukabaki mweupe. Hapo Jémima nusura aivunje kompyuta. Siku mbili alitafuta. Alisoma kila mstari aliouandika, akafuta, akaandika upya, akapigana na mdogo wake kwa sababu ya chumvi kwenye sombe. Siku ya tatu, kwa hasira tu, akalipaka sanduku rangi nyekundu ili aone lilipo. Juu ya ukurasa kukatokea uzi mwekundu, mwembamba kama ukucha. Sanduku lilikuwepo muda wote, ila hakuliambia liwe na kimo gani, nalo likakaa bila kimo chochote. Akaandika namba moja, mia nne, na éditeur ikafunguka mbele yake nzima, na namba zake pembeni na rangi zake. Jémima alilia kidogo, akajifuta, akaendelea.

Kisha akaitengeneza kwa ajili ya watu wake. Ile tabia ya éditeur kumalizia mtu maneno aliizima, kwa sababu alitaka waandike wao. Ujumbe wa makosa, unaokuja kwa Kiingereza kigumu, aliufasiri kwa maneno ya nyumbani. Ukisahau nukta mbili mwisho wa mstari, éditeur ilikuwekea alama nyekundu na chini ikaandika: "Mustari wa 3: umesahau nukta mbili." Chini ya sanduku palikuwa na kitufe cha kuendesha, na chini yake jibu. Yeye aliona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya kwa mikono yake, na alikuwa sahihi.

Sasa kilibaki kimoja: vitambaa vitoke. Na hapa ndipo Jémima alipokosea, wala hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa adabu.

Hapa kwetu kila kitu kina mtu wa barrière. Barabara ina kamba na mtu wa kuishusha. Ghala lina mtu wa ufunguo. Bomba la maji lina mama mwenye kufuli. Ukijenga kitu kipya bila kumpa mkubwa kamba yake ya kuvuta, hicho kitu hakifunguliwi hata kama ni dawa ya watoto. Jémima alilijua hilo kama anavyojua njia ya nyumbani kwao. Préfet alipokaa mbele ya éditeur ofisini kwake, akaitazama kwa muda, akaguna, akauliza nani anaitawala, Jémima alikwisha kujua swali linakwenda wapi.

"Mama, mi sikatale," préfet alisema. "Lakini kintu kisicho na mulinzi, batoto banakiharibu. Unitiliye bouton mu bureau yangu. Mi nikifinya, bote basimame kuandika. Na kama niko na kitu ya kubaonyesha, nikitume, kitokee kwa bote."

Ndani yake Jémima alisema hapana. Mdomo ukasema, "Ndiyo, tata."

Waswahili wanasema heshima si utumwa. Lakini mpaka wa hivyo viwili hauna bango, na wengi wetu tunauvuka tukidhani bado tuko upande wa heshima. Kazi aliyoagizwa ilimchukua jioni moja. Éditeur yenyewe inalo neno la kuifanya isomeke tu, isiandikike. Unaliwasha au unalizima. Jémima alimtengenezea préfet ukurasa wake, wenye neno lake la siri, na vitufe viwili vikubwa. Cha kwanza kilituma maandishi kwenye masanduku yote kumi na mawili. Cha pili kiliyafunga. Préfet alivijaribu mara tano, akafunga na kufungua, akatabasamu. Kesho yake vitambaa vikatolewa.

Miezi minne iliyofuata majirani wa Kapata walimwona Jémima akicheka njiani, wakaulizana kama amepata mtu. Jumamosi chumba kilijaa kelele za vitufe. Dodo alitumia vidole viwili tu, lakini aligonga kama anapasua jiwe, na alisoma makosa yake kwa sauti na kuyajibu kana kwamba yanamtukana. Shekina aliandika bila kutazama mikono. Madaftari yalibaki mifukoni.

Ukaguzi uliwekwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Préfet alimtuma Jémima getini kumpokea inspectrice, jambo ambalo ni kazi ya sekretari, na Jémima akaenda bila kuuliza. Mama Lukusa alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na daftari lililojaa karatasi za kuchomekwa. Hakutaka soda wala kiti cha ofisini. Alitaka kuona darasa.

Walipoingia, wanafunzi wote kumi na wawili walikuwa wamekaa wima, vidole juu ya vitufe, wanabonyeza. Kwenye kila kioo palikuwa na programu nzuri, safi, ya kutafuta wastani wa alama tatu. Jémima aliitambua mara moja. Aliiandika mwenyewe wiki mbili nyuma kama mfano, na préfet alimwomba nakala. Ilikuwa ileile kwenye vioo vyote, mpaka nafasi ya mwisho. Na vidole vilikuwa vinabonyeza, na kwenye vioo hakuna herufi iliyokuwa inasogea.

Alielewa yote kwa mara moja. Wakati yeye yuko getini, mtu huyu ametuma mfano kwa wote, ameyafunga masanduku, na amewaamuru watu wazima waigize kuandika. Watu walioacha kulala kwa ajili ya siku hii. Dodo, aliyetembea kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji kila Jumamosi, alikuwa anabonyeza vitufe vilivyokufa huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Shekina alikuwa amefumba macho.

Mama Lukusa alizunguka polepole nyuma ya viti. Akasimama nyuma ya Dodo. Akasema programu ni nzuri, sasa aibadilishe kidogo, badala ya alama tatu ziwe nne. Dodo alibonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Akageuka, hakumtazama inspectrice, alimtazama Jémima.

"Madame, iko nakatala."

Inspectrice akaenda kwa Shekina, akamwambia aandike jina lake tu, basi, popote pale. Shekina alijaribu, na chozi likamdondokea juu ya mkono. Kwenye mashine ya tatu Mama Lukusa alijaribu kwa kidole chake mwenyewe. Akavua miwani, akafungua daftari lake, akachomoa kalamu.

Préfet, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikuwa na jibu tayari, na alilitoa kwa tabasamu. Alisema mashine hizi nyeti huwa zinapata hitilafu, jambo la kawaida kwa umeme wetu, na madame mwenye système yupo hapa, ataeleza vizuri kuliko yeye. Kisha akamgeukia Jémima, na sauti yake ikawa ya baba anayemtetea mtoto mbele ya wageni. "Mama Jémima, muambie Mama Inspectrice kwamba ni panne."

Ilikuwa rahisi sana. Neno moja, panne, yaani imeharibika tu, na hakuna mkubwa atakayeaibika. Panne ni mtoto wa nyumba hapa kwetu, kila mtu anamjua, kila mtu anamsamehe. Inspectrice ataandika kwamba vifaa havifanyi kazi, darasa litafutwa kwa adabu, préfet atabaki na mashine zake na vitambaa vyake, na Jémima atabaki na mshahara wake. Kumi na wawili watarudi walikotoka.

Jémima alimkasirikia mtu huyu aliyekuwa anamtabasamia. Alijikasirikia mwenyewe zaidi, maana mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima hiki alikichimba kwa mikono yake, jioni moja tu.

"Haiko panne," alisema. "Imefungwa."

Mama Lukusa akauliza imefungwa na nani. Jémima akasema imefungwa kutoka ofisi ya Tata Préfet, kwa kitufe kilichotengenezwa naye, Jémima, na kwamba programu iliyo kwenye vioo ni yake, si ya wanafunzi. Préfet akasema kwa upole kwamba madame amechoka. Jémima alikaa kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, ile seva, akafungua kazi yake.

Angeweza kukizima kile kitufe tu. Neno lile la kusoma tu lingegeuzwa, masanduku yangefunguka, na kesho préfet angeyafunga tena. Akaenda mbali zaidi. Alifuta kitufe cha kufunga. Akafuta kitufe cha kutuma. Akafuta ukurasa wote wa préfet na neno lake la siri. Préfet alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma, na alipoona ukurasa wake umetoweka aliinama akamwambia sikioni, kwa sauti ya chini, kwamba anamwaibisha mbele ya mgeni na atajuta. Jémima akahifadhi, akawaambia wanafunzi waufungue ukurasa upya.

Masanduku kumi na mawili yakafunguka meupe, na mstari namba moja ukisubiri.

Mama Lukusa alivaa miwani yake tena. Akawapa zoezi alilolibuni palepale: programu iulize majina ya wanafunzi na siku walizokosa shule, kisha itaje waliokosa zaidi ya siku tatu. Dakika arobaini. Hakuna daftari, hakuna kuulizana. Akavuta kiti, akakaa katikati ya chumba.

Haikuwa sherehe. Kijana mmoja alisimama baada ya dakika kumi, akatoka nje kutapika, akarudi. Shekina, yule aliyefikiri haraka kuliko wote, mikono yake iligoma. Aliandika, akafuta, akaandika, na muda ukamwishia na programu inayouliza majina lakini haitaji mtu. Dodo aligonga vidole vyake viwili, na kila alama nyekundu ilipotokea alisoma chini kwa kunong'ona, "Mustari wa 6, umesahau nukta mbili, sawa, sawa," na inspectrice akamsikia, akaja kusoma pia. Aliuliza nani aliandika makosa kwa Kiswahili cha hapa. Dodo akamnyooshea kidole Jémima bila kugeuka, kwa sababu alikuwa na kazi.

Muda ulipoisha, programu tisa zilifanya kazi na tatu hazikufanya. Préfet, aliyekuwa amesimama mlangoni dakika zote arobaini, aliharakisha kusema kwamba ndiyo sababu alitaka kuwasaidia, maana watoto wanakosea. Mama Lukusa alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa.

"Tata Préfet, mi sikukuya kuona kama habakosee," alisema. "Nilikuya kuona kama banaandika. Banaandika."

Barua mbili zilifika wiki mbili baadaye, siku moja. Ya kwanza ilitoka kwa jimbo: darasa limetambuliwa, wote kumi na wawili watapewa brevet, wale watatu baada ya kurudia zoezi, na chumba cha kompyuta kiwe wazi kwa wanafunzi kila Jumamosi, ukaguzi utafanyika bila taarifa. Ya pili ilitoka ofisi ya préfet, ikiwa na mihuri miwili, na ilimhusu Jémima peke yake. Ilikuwa demande d'explication, ile barua ambayo kila mfanyakazi wa huku anaijua na kuiogopa. Umefanya kosa, eleza kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Kosa lililotajwa: kuondoa, mbele ya mamlaka ya jimbo, mfumo wa ulinzi wa mkuu wa chuo bila idhini yake.

Jémima aliipeleka kwa baba yake. Tata Mukalay alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akairudisha. Alisema yeye alipata tatu maishani mwake, na zote aliomba radhi, na mbili kati ya hizo kosa lilikuwa la mkubwa wake. Akamweleza jinsi zinavyoandikwa: unaanza na heshima kubwa, unakubali, unasingizia uchovu, unaomba usamehewe, unamaliza na heshima kubwa tena. Ndivyo alivyofika kwenye pensheni. Alisema hayo bila aibu, kama anayefundisha mtoto kuvuka barabara, na Jémima akamkasirikia pia, na palepale akamwonea huruma, na akashindwa kujua kipi ni kipi.

"Baba, mi sitaomba radhi kwa yeye."

"Basi utaomba kwa nani?" mzee aliuliza.

Lilikuwa swali zuri, na Jémima alikaa nalo mpaka chai ikapoa. Kisha akaandika, na jibu lake lilikuwa fupi kuliko anwani. Tata Préfet, umeniuliza kwa nini nilitoa kufuli. Nilitoa kwa sababu mimi ndiye niliyelitia. Kosa ninalo, lakini ni la siku nilipolitia, na kwa kosa hilo nimewaomba radhi wanafunzi kumi na wawili, mmoja mmoja. Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe, akangoja sekretari aigonge muhuri wa kupokelewa.

Akasimamishwa kazi wiki tatu bila malipo. Hakushangaa. Préfet alidhani bila mwalimu darasa litalala lenyewe, barua ya jimbo au si barua ya jimbo, na aliwaambia walimu wengine hivyo, mchana, kwenye uwanja, kwa sauti.

Jumamosi ya kwanza Jémima alikaa nyumbani Kapata, anafua. Alifua kwa hasira, mashuka yakageuka kamba. Alijua saa ilipofika saa tatu. Alijua ilipofika saa nne. Saa nane mchana Dodo alifika barazani, jasho limemkauka usoni, akasalimia wazee kwanza, akapewa maji, akanywa yote, ndipo akasema.

Alisema sekretari alifungua mlango kwa sababu barua ya jimbo ilisema ufunguliwe, na seva ilikuwa bado pembeni, wakaiwasha. Alisema Shekina alisimama mbele na kuandika zoezi ubaoni, lile lile lililomshinda, akawaambia warudie wote, yeye kwanza. Alisema préfet alikuja katikati ya kazi, akatazama vitambaa vilivyokunjwa kwenye kiti, akaenda ofisini kwake, na kwa muda wakamsikia anagonga vitufe huko. Kisha akarudi, akasimama mlangoni, akauliza ni nani aliwapa ruhusa ya kuandika.

Jémima aliacha shuka kwenye beseni, akauliza walimjibu nini.

Dodo alifikiri kidogo, kama mtu ambaye swali hilo halikuwa limempitia kichwani. Akasema hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa wanaandika.